Kuhesabu Mwani wa Nzilo

Siku waliyoniaga kazini nilipewa saa ya ukutani, mimi ambaye kuanzia kesho yake sikuwa na mahali pa kuwahi. Ratiba ilikuwa imenitengea dakika tano za kusema. Wakatangulia wakubwa watatu, kila mmoja akanisifu kwa kazi iliyofanywa na idara nyingine, na zamu yangu ilipofika soda zilikuwa zimeshapata joto na dereva wa basi la wafanyakazi alikuwa anapiga honi. Nikasema asante, nikaketi. Basi yale niliyokusudia kuwaambia ninyi mliobaki labo, maabara yetu, nayaandika hapa. Naandika kwa Kiswahili alichonifunza mwalimu wangu wa chuoni, mzee ambaye hakuvumilia kosa. Lakini watu nitawaacha waseme kama wanavyosema hapa kwetu Kolwezi, maana wengine wangeshangaa kujikuta wamesema vizuri kuliko walivyosema.

Mimi ni Zaina Amisi. Wazee wa baba yangu walitoka Kasongo, na yeye mwenyewe alikuwa na lori lililoleta mahindi na mihogo kutoka Kasaji. Alitaka niwe karani, kwa sababu karani hukaa kivulini. Nikawa mtu wa maabara ya maji, ambaye nusu ya maisha yake yuko kwenye mtumbwi juani na nusu nyingine ameinama juu ya hadubini. Ofisi yenyewe siitaji. Imebadilishwa jina mara nyingi kuliko rangi ya lango lake, na jina lolote nitakaloandika litakuwa la zamani kabla wino haujakauka.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu na kupima mwani wa ziwa la Nzilo, lile lililotanda nyuma ya bwawa la umeme la Lualaba. Sisemi mwani mrefu unaonasa kasia. Nasema mimea midogo inayoelea ndani ya maji, ile ambayo vitabu huiita fitoplanktoni, midogo kiasi kwamba tone moja hubeba ukoo mzima na bado utasema maji ni meupe. Mama yangu hakuwahi kuwaeleza jirani zetu wa mtaa wa Manika kazi hiyo. Alisema tu kwamba niko ofisini. Alipobanwa sana alisema nahesabu majani, na jirani mmoja akauliza kama serikali imekosa kabisa kitu kinachoonekana.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Tata Kazadi, mzee wa labo. Alikuwa mtu wa kaskazini mwa Katanga, Mmethodisti, mrefu, mwenye koti jeupe lililofuliwa hadi likawa jepesi kama chandarua. Alikuwa akihesabu huku anaimba nyimbo za kanisa kwa pua, na wimbo ukikatika ulijua amekutana na kitu asichokijua. Alinipa chupa ya maji ya ziwa akaniuliza ndani kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Akatia tone kwenye kioo, akaniketisha mbele ya hadubini, akaenda zake kunywa chai.

Nilitazama asubuhi nzima. Nikaona kitu kirefu, cheusi, kilichopinda kama mundu, na kila nilipojisogeza nacho kilisogea. Nikakichora kwa uangalifu, nikakipima kwa ile rula ndogo iliyochorwa ndani ya jicho la hadubini, nikaandika kwamba kina mwendo wa kasi. Tata Kazadi aliporudi alitazama mchoro, akatazama kioo, akanitazama mimi.

"Hii ni kope yako, mama," akasema.

Hakucheka. Alichukua kalamu akaandika chini ya mchoro, kwa maandishi yake ya shule ya misheni, *Kope ya Zaina, ziwa la Nzilo*, akaubandika ukutani, na ulikaa pale hadi mchwa walipoumaliza. Wote mliofika labo baada yangu mlichora kope zenu. Ingénieur mmoja, mhandisi mzima, alichora povu la hewa akalipa jina la mwalimu wake wa chuo kikuu.

Tata Kazadi alinifundisha mambo ambayo sasa mnayaona ya kizamani. Maji yakichotwa hutiwa yodi papo hapo, matone machache, hadi yapate rangi ya chai isiyo na majani ya kutosha, maana mwani usipouawa mapema utaendelea kuzaana na kulana njiani, na utakachohesabu Kolwezi sicho ulichokichota Nzilo. Kisha chupa hukaa siku nzima bila kuguswa ili kila kitu kitue chini. Halafu maji ya juu hunyonywa taratibu kwa mpira mwembamba, na kile kilichobaki ndicho huwekwa kwenye kisahani cha kioo chenye miraba. Unahesabu mraba baada ya mraba. Mwani ulioketi juu ya mstari wa kushoto unauhesabu, wa mstari wa kulia unauacha, la sivyo utauhesabu mara mbili na ziwa litanenepa kwa uzembe wako.

Kihesabio chetu cha kubonyeza kilipoharibika tuliandika barua ya kuomba kingine. Wakati barua inazunguka, Tata Kazadi alileta mahindi. Tukawa na mikebe, kila aina ya mwani na mkebe wake, ukiona mmoja unatupa punje. Mvua za mwaka ule panya waliingia wakala diatomu wote, mwani wenye ganda la kioo, wa kituo cha pili cha kuchotea maji. Kihesabio kipya kilifika baadaye sana, na kilikuwa cha kuhesabia abiria.

Jambo alilolisisitiza kuliko yote ni ukubwa. Alisema mtu yeyote anaweza kuhesabu, lakini asiyepima hajui anahesabu chakula au takataka. Mtoto wa samaki ana mdomo, na mdomo una kipimo chake. Mwani mdogo huliwa na wadudu wadogo wa majini, na hao huliwa na mtoto wa samaki. Kuna mwingine mkubwa, wenye nyuzi ndefu zilizosokotana, ambao hauliwi na yeyote na unaziba tu maji. Ziwa linaweza kuwa la kijani kama shamba la mchicha na samaki wakalala njaa.

Kabla hajastaafu tulikutana na fomu. Wafadhili wa mbali, watu wema sana, walitutumia mabunda ya fomu za kujazia matokeo, nazo zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya bahari. Kulikuwa na nafasi ya kuandika kujaa na kupwa kwa maji, nafasi ya chumvi, na nafasi ya umbali kutoka pwani. Tulipoziacha wazi, fomu zilirudishwa na alama nyekundu. Mkurugenzi wa wakati ule aliagiza kila nafasi ijazwe. Tata Kazadi akaonja maji ya Nzilo kwa kijiko akaandika, chumvi hakuna. Kwenye umbali kutoka pwani akaandika, mbali sana. Jibu likaja kwamba kipimo chetu cha chumvi huenda kimeharibika, na kwamba "mbali sana" si namba. Tukapima kwa uzi kwenye ramani ya ukutani. Tukaulizwa pwani ipi. Hapo ndipo Tata Kazadi alipoanza kuhesabu miezi iliyombakia, na ilipokwisha akaenda Kasaji kulima mihogo. Mkoba wake hakuuacha. Hadubini hakuweza kuichukua, kwa hiyo aliifuta vioo, akaifunika kwa kitambaa, akanipa mimi.

Hadubini ile mnaijua. Haina taa; ina kioo kidogo chini yake kinachonasa mwanga wa dirishani. Umeme wa Nzilo unapita juu ya paa la labo yetu kwenda migodini, na sisi tunaosimamia maji yanayouzalisha tumezoea kufanya kazi kwa jua.

Sasa nifike kwenye mashine.

Ilikuja ndani ya sanduku la mbao, na sanduku lilipokelewa kwa utepe, sala na hotuba. Mkurugenzi wetu, huyu wa mwisho niliyemtumikia, alikuwa mtu mpole na nadhifu, mwenye kupenda neno *moderne*, yaani kisasa, kuliko chakula. Mashine ilikuwa na tundu dogo ambamo maji hupitishwa, na mkondo wa umeme unaopita humo. Kila punje inayokatiza ule mkondo huhesabiwa, na kadiri inavyokatiza sana ndivyo inavyoandikwa kuwa kubwa. Kwa muda niliokuwa nikifuta miwani, ilikuwa imeshahesabu kuliko nilivyohesabu mimi kwa wiki, na kuchora vilima vya rangi kwenye skrini. Ingénieur Patrick, kijana mwenye akili na adabu, alikuwa amepelekwa ng'ambo majuma mawili kujifunza kuiendesha. Alirudi na cheti na koti la baridi.

Katika kiangazi cha kwanza mashine ilisema mwani wa Nzilo umeongezeka kupita ulivyowahi kuonekana, na hasa kwenye kituo cha nne, pale kwenye kivuko ambapo barabara ya malori inakaribia maji. Mimi kwa hadubini, kituo kilekile, chupa ileile, nilikuta mwani umepungua hadi nikadhani nimesahau kutikisa. Nilihesabu mara tatu. Nikaenda kwa Mkurugenzi na karatasi yangu.

Alinikaribisha vizuri, akaniagizia chai. Akasema hadharau kazi yangu, hata kidogo, kazi yangu ni urithi wa ofisi.

"Lakini Mama Zaina," akasema, "mashine haichokake, haisikiake njaa, na macho yake haizeekake."

"Chef, haina macho," nikasema.

Akatabasamu kama mtu aliyesikia mzaha wa shangazi yake. Kisha akasogeza mbele yangu ripoti. Kwa kanuni ya ofisi, ripoti ya mwani haiendi popote bila saini ya mkuu wa labo, na mkuu wa labo nilikuwa mimi. Ningependa kuwaambia hapa kwamba nilikataa. Sikukataa. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili, miwani yangu ilikuwa ya tatu, na mtu akiambiwa mara nyingi kwamba macho yake yamezeeka huanza kuona ukungu hata mahali pasipo na ukungu. Nikajiambia labda kweli nimekuwa mzee na ziwa limekuwa changa. Nikatia saini. Chai ilikuwa nzuri.

Ripoti ilisafiri haraka, tofauti na barua ya kihesabio. Miezi michache baadaye tukasikia kwamba, kwa kuwa ziwa limethibitika kuwa na chakula tele, kutakuwa na mradi wa vizimba vya samaki. Vyama vya wamama wa ufukweni vingepewa nyavu na vifaranga vya samaki, na hawangehitaji kuwalisha kwa kuwa maji yenyewe yangefanya kazi hiyo. Mahali palipochaguliwa ni pale kivukoni, kituo cha nne. Sababu rasmi ilikuwa wingi wa mwani. Sababu ya pili, ambayo dereva alinieleza, ni kwamba pale magari ya wageni hufika bila kuchafua viatu vya mtu.

Nilifika kule siku ya kuchota maji kama kawaida, na kiongozi wa wamama akaja kunisalimia mtumbwini. Aliitwa Mama Ngoie. Kwa miaka yote niliyokwenda Nzilo, yeye ndiye aliyeniazima mtumbwi, akinicheka kwamba navua maji na kuacha samaki. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, na kazi yake ilikuwa kukausha samaki na kuwapeleka sokoni. Aliniambia wamama wake wote wameacha kulima msimu ule ili kusuka kamba na kushona nyavu. Wengine walikuwa wamewakataza waume zao kuvua karibu na vizimba. Nikamuuliza taratibu kama wana hakika. Akafungua kitambaa kiunoni, akatoa karatasi iliyofungwa kwenye plastiki. Ilikuwa nakala ya ukurasa wa mwisho wa ripoti.

"Batu ba bureau banasemaka mingi," akasema, "lakini mi niliona signature yako. Nikaambia bamama: kama ni Mama Zaina njo ameandika, basi iko kweli."

Nilitazama jina langu ndani ya plastiki ile. Lilikuwa limeandikwa vizuri. Nikamwambia tu kwamba wasitie samaki majini kabla sijarudi. Akauliza kwa nini. Nikasema nina jambo la kuhakikisha. Njia nzima ya kurudi mjini malori yalitupita moja baada ya jingine, na dereva wetu alipandisha vioo. Vumbi jekundu likaingia vilevile, likatua magotini mwangu, kwenye mkoba, kwenye vifuniko vya chupa. Nilikuwa nimepita barabara ile maisha yangu yote na sikuwahi kulitazama kama kitu chenye ukubwa na idadi.

Asubuhi yake nilichemsha maji, nikayachuja mara mbili, nikatia ndani chembe za vumbi nililolikung'uta kwenye sketi yangu. Nikaandika kwenye chupa *kituo cha nne*, nikampa Ingénieur Patrick pamoja na chupa nyingine. Akaipitisha kwenye mashine. Vilima vya rangi vikapanda hadi vikagonga juu ya skrini. Patrick akafurahi, akaniita nione. Yalikuwa maji yenye uhai mwingi kuliko yote yaliyowahi kupimwa Nzilo.

"Mama, hii mayi ulitoa wapi?" akauliza.

"Ku barabara."

"Ku barabara hakuna mayi."

"Hakuna," nikasema.

Akatazama skrini, akatazama chupa. Nikaweka tone la maji yale chini ya hadubini ya Tata Kazadi nikampisha aketi. Alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa mtu mwenye cheti. Nilimweleza kwamba mwani una umbo, una ukuta wake na tumbo lake, na yodi ikiupata hubadilika rangi. Vumbi halirudii umbo mara mbili. Mashine haikudanganya. Iliulizwa kuna punje ngapi, ikajibu. Ni sisi tulioandika juu ya jibu lake neno *uhai*. Na vumbi lilipotanda juu ya maji lilikuwa limezuia mwanga, kwa hiyo mwani wenyewe ulikuwa umekufa kwa kukosa jua. Kadiri ulivyokufa ndivyo ripoti zetu zilivyonenepa.

Tulikwenda kwa Mkurugenzi wote wawili. Nilimweleza, na nilimwambia wazi kwamba naondoa saini yangu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba sampuli ya sketi si sampuli, kwa kuwa sketi haimo kwenye orodha ya vituo. Akaongeza kwamba saini hutiwa, hakuna kanuni inayosema jinsi ya kuitoa. Alimuuliza Patrick kama mashine ina hitilafu yoyote. Patrick akajibu kwamba mashine inafanya kazi vizuri kabisa, na ilikuwa kweli. Mkurugenzi akafurahi, akatuaga.

Siku ya pili niliifunga hadubini kwenye blanketi, nikaipakata hadi Nzilo kwa pikipiki. Dereva wa pikipiki aliniuliza kama nimebeba mtoto mgonjwa.

Wamama walikusanyika kwenye banda la kukaushia samaki. Niliiweka hadubini kwenye meza yao ya magamba, nikageuza kioo chake kulielekea jua. Kisha nikasema nilichopaswa kusema mara ya kwanza: kwamba karatasi ile ya plastiki ina jina langu lakini haina macho yangu, kwamba nilitia saini juu ya hesabu niliyojua hailingani na nilichokiona, na kwamba nilifanya hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi. Sikuwatajia Mkurugenzi. Saini haikuwa yake.

Mama Ngoie akainama kwenye hadubini, akafumba jicho moja kwa kiganja. Nilikuwa nimeweka maji ya kivukoni. Akatazama, akanyoosha mgongo, akatazama tena.

"Ni udongo," akasema.

Nikabadilisha kioo, nikaweka maji niliyochota kwenye hori moja upande wa juu wa ziwa, mbali na barabara, mahali ambapo mtumbwi unafika kwa shida kwa sababu ya matete. Humo mlikuwa na mwani mdogo wa kijani, wa duara, na diatomu kama vijiti vya kioo, na katikati yao mdudu mmoja alikuwa amekufa na tumbo lake limejaa kijani. Mama Ngoie akawaita wenzake waone mmoja mmoja. Walipomaliza akanigeukia. Uso wake haukuwa wa kunisamehe na haukuwa wa kunifukuza.

"Tulikosa kulima ju ya jina yako," akasema. "Ile ujue."

Nikasema najua.

"Sasa tuonyeshe kule ku matete tutaweka kizimba namna gani."

Tulifanya kazi hiyo majuma matatu. Nilichukua likizo yangu yote niliyokuwa nimeilimbikiza, na Patrick alikuja siku za Jumamosi akiwa na lile koti la baridi, hata sijui kwa nini. Tulichota maji hori baada ya hori, nikahesabu pale pale bandani, nikawaambia wapi pana chakula cha mdomo mdogo na wapi pana nyuzi tu. Wamama wakaweka vizimba viwili badala ya sita walivyopangiwa, na samaki wachache kwa kila kimoja. Juu ya hayo waliwatupia pumba za mahindi, kwa kuwa Mama Ngoie alisema tumeshaamini karatasi mara moja na haitarudiwa. Vinne vilivyobaki ofisi ilivichukua yenyewe, vikawa vya maonyesho. Hivyo vilifungwa pale kivukoni kama ilivyopangwa, vikapakwa rangi ya buluu, vikazinduliwa.

Samaki wa maonyesho hawakufa kwa siku moja. Walikonda. Wale wa kivukoni, ambao mliniambia mlidhani ni aina nyingine ya samaki, wenye kichwa kikubwa, hawakuwa aina nyingine; njaa ilikuwa imekondesha mwili, kichwa kikabaki. Kabla ya mvua waliisha, na rangi ya buluu ikabaki. Wale wa matete walikua. Hawakuwa wengi wala wanene sana, lakini Mama Ngoie aliwapeleka sokoni Kolwezi kwenye beseni zake mwenyewe, na msimu uliofuata nusu ya wamama wakarudi kulima na nusu wakabaki na samaki. Walikuwa wameamua hivyo bila kuniuliza, jambo lililonifurahisha.

Mimi nilipokea demande d'explication, barua ile ambayo kila mtumishi wa nchi hii huipata angalau mara moja, ikiniuliza kwa nini mali ya ofisi ilionekana kwenye banda la samaki bila kibali cha safari. Nilijibu kwa mstari mmoja: hadubini ilikwenda kuona maji. Jibu liliwekwa kwenye faili langu, na nadhani bado limo, kati ya cheti cha kuzaliwa na picha yangu ya ujana.

Ripoti ya mwaka ilitoka na picha ya Mama Ngoie akiwa ameinua samaki kwa mikono miwili. Maelezo chini ya picha yalisema kwamba mafanikio hayo yametokana na upimaji wa kisasa. Wafadhili walifurahi sana, wakaahidi mashine ya pili. Nilikwenda kumsomea Mama Ngoie maelezo hayo, nikitaraji akasirike. Aliomba nisome tena sehemu ya *kisasa*, akauliza maana yake, nikamweleza, akacheka hadi akaketi juu ya beseni.

Wengi wenu mmeniuliza kama sikuumia kuona hivyo. Niliumia kidogo, kisha ikapita. Kilichonibakia ni ile karatasi ndani ya plastiki, na hiyo haipiti. Kwa hiyo mkitaka neno kutoka kwangu, ni hili tu: msitie saini kwa chai.

Wiki yangu ya mwisho Patrick alikuwa ameshateuliwa kushika nafasi yangu. Nilipita labo kuchukua viatu vyangu vya mtumbwini. Mashine ilikuwa imewashwa, taa zake zote zinameta, inanguruma vizuri, na ndani yake hamkuwa na tone la maji. Patrick alikuwa dirishani ameinama juu ya hadubini, anahesabu kituo cha nne, mraba kwa mraba, midomo inamtikisika. Mlango ukafunguliwa, Mkurugenzi akaingiza kichwa akauliza kwa nini matokeo ya mwezi huu yanachelewa hivyo.

Patrick hakuinua kichwa, asije akapoteza hesabu.

"Chef, mashine ingali inapata moto," akasema.

Mkurugenzi akaitazama mashine kwa heshima, akafunga mlango polepole ili asiisumbue. Nikachukua viatu vyangu nikaenda nyumbani.